Chaneli mbili mpya kilimani, na jirani asiyetaka kuzibwa masikio

"Shikamoo mhandisi. Tuna mashamba ya miti na kiwanda cha mbao nje kidogo ya Mafinga. Redio zetu za upepo zinatumia chaneli moja tu, inapitia ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, iliyo juu ya kilima. Leseni tunayo na tunailipia. Redio ziko kama arobaini, na asubuhi chaneli inajaa: madereva wa magogo, walinzi wa moto, wapimaji na ofisi, wote wanagombania. Tunataka kuongeza mbili, moja ya magari na moja ya moto. Fundi wetu amesikiliza wiki nzima akapata masafa mawili yaliyo kimya kabisa. Anasema atayaingiza kwenye redio na kuweka toni za siri, tusisikike na mtu. Lakini mnara huo una wenzetu wengine wawili wenye ripita zao, na mmoja ametuambia tukiongeza chochote yeye atapotea hewani. Ni kweli? Tufanyeje tupate chaneli bila kuwaharibia?"

Marahaba, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kufunga. Maswali mengi ya aina hii hunifikia baada ya watu kukosana, ripita imezimwa kwa hasira na kila upande una fundi wake wa kuutetea.

Jirani yako ana sababu ya kuogopa, ila hajapatia yote. Mnara wenye watu unaweza kuongezewa chaneli na kila mmoja akaendelea kusikika. Nimeshiriki kazi hiyo kwenye vilima vingi, na ilifanikiwa palipofanywa hesabu kwanza. Njia ya fundi wako haina hesabu. Ina masikio tu, na kwa masafa masikio hayatoshi.

Tuanze na huo ukimya. Fundi alisikiliza akiwa wapi? Kama alikuwa ofisini Mafinga na redio ya mkononi, alisikia yale yanayofika ofisini Mafinga. Antena iliyo juu ya kilima husikia nchi nyingine kabisa. Kuna hesabu fupi ambayo kila mtu wa redio anapaswa kuijua: chukua kimo cha antena kwa mita juu ya ardhi inayoitazama, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12. Unapata umbali wa upeo wa redio kwa kilomita, na kule kupinda kidogo kwa mawimbi hewani kumeshahesabiwa humo. Mlinzi aliyeshika redio mita moja na nusu kutoka chini ana upeo wa kilomita 5 hivi. Sasa panda kwenye ukingo wa Mufindi, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Ukiwa na mita 1,600 za tofauti ya kimo, kipeuo chake ni 40, na upeo wako ni kilomita 165. Mtu aliye kule bondeni, ambaye ofisi yako haitamsikia hata siku moja, antena ya ukingoni inamwona kama unavyoiona taa ya ng'ambo usiku. Na yeye anakuona wewe. Hii ndiyo tabia ya Nyanda zetu za Juu: kilima kinachokusaidia kufika mbali ndicho kinachokupeleka hadi kwa watu ambao hukukusudia kuwafikia.

Kuna jambo la pili ambalo fundi huenda hakulifikiria. Ripita hutumia masafa mawili, inapokea kwa moja na kurusha kwa lingine. Masafa ya kupokelea ya ripita iliyo mbali huwa kimya kabisa ukiyasikiliza kutoka mjini, kwa sababu wanaozungumza humo ni redio ndogo za mkononi zilizo upande wa pili wa milima. Ukiyachukua na kurusha wati 25 kutoka kilimani, ripita ile itakusikia wewe na itawapoteza wenyewe. Hawatajua kwa nini. Wataona tu kwamba tangu wiki fulani redio zao "zimechoka".

Na wapo wenye masafa wasiosema kwa wingi. Redio nyingi za bei nafuu zinafunguka kuanzia megahezi 136 hadi 174, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuingiza namba yoyote humo. Ndani ya upana huo kuna 144 hadi 146, sehemu ya waendesha redio wa ridhaa. Kuna 156.800, masafa ya wito wa dharura ya vyombo vya majini, na sisi wa kusini tuna Ziwa Nyasa. Masafa kama hayo huachwa wazi siku nyingi ili siku moja mtu aliye kwenye dhoruba asikike. Wiki moja ya kusikiliza haiwezi kukuambia kama kimya unachokisikia ni cha nyumba isiyo na mwenyewe au ya mwenyewe aliyelala.

Toni nazo zisikupe matumaini ambayo hazina. Hizo zinazoitwa za siri ni mlio wa chini, kuanzia hezi 67 hadi karibu 250, unaorushwa pamoja na sauti yako. Redio ya mwenzako hukaa imefunga spika mpaka isikie mlio uliopangiwa. Basi. Toni inaziba masikio, haizibi mdomo. Mawimbi yako yanatoka vilevile, kwa nguvu ileile, na yanagongana na ya watu wengine vilevile. Tena toni huficha ugomvi usionekane mapema: katika redio za FM, mwenye nguvu zaidi humfunika dhaifu, kwa hiyo mlinzi wa watu wengine atabonyeza kitufe, ataongea, na hakuna atakayemsikia. Hakuna kelele ya kumwambia mtu kwamba kuna tatizo. Toni ni nzuri kwa watu waliokubaliana kushirikiana chaneli moja. Kwa kujificha haifai, na yeyote mwenye redio isiyowekewa toni anakusikia neno kwa neno.

Sasa hofu ya jirani. Kuna njia mbili za kumwumiza mtu mnayeshirikiana mnara hata kama masafa yenu hayafanani.

Ya kwanza ni kumziba masikio kwa ukaribu. Ripita nzuri inaweza kushika mawimbi dhaifu ajabu, ya sehemu ya tatu hivi ya mikrovolti. Wewe unarusha wati 25 mita chache kutoka antena yake. Ukigawanya nguvu yako kwa ile anayohitaji kuisikia, unapata moja ikifuatwa na sifuri 16. Ni kama kumtaka mtu asikie mnong'ono huku amesimama kando ya msumeno wa kiwandani kwenu. Dawa yake inajulikana: filta zile kubwa za makopo, ambazo zinapitisha masafa yako na kuyabana yaliyo kando, na antena kupangwa moja juu ya nyingine. Antena mbili zilizosimama bega kwa bega kwenye mnara husumbuana zaidi kuliko zilizoachana kwa wima, hata kama umbali ni uleule.

Ya pili ndiyo inayowashinda wengi, maana haionekani kwenye karatasi ya leseni. Mawimbi mawili yenye nguvu yakikutana mahali pasipo safi kiumeme, yanazaa mengine. Chukua namba hizi za kujifunzia tu: jirani anarusha 155.100, wewe unarusha 155.200. Zidisha ya kwako mara mbili upate 310.400, toa ya kwake, unabaki na 155.300. Fanya kinyume, unapata 155.000. Hayo mawili hakuna aliyeyaomba wala kuyalipia, lakini yatakuwepo hewani kila mnapobonyeza pamoja, yakibeba sauti zenu zote mbili zilizosagika. Kama mtu wa tatu anapokelea 155.300, ripita yake itafunguka yenyewe na kubwabwaja. Watu hudhani kupanga chaneli kwa nafasi sawasawa, kama miche ya misonobari shambani, ndiko kupanga vizuri. Kwa masafa ya mnara mmoja ni kinyume. Nafasi sawa ndizo zinazofanya mazao ya mchanganyiko yaangukie juu ya wenzao.

Angalia jinsi jambo hili linavyokua. Mnara wenu sasa una mitambo mitatu ya kurusha. Ukihesabu michanganyiko ya aina hii, ile ya masafa mawili na ile ya matatu ambapo mawili hujumlishwa na la tatu kutolewa, unapata 9. Ukiongeza mitambo miwili, iwe mitano, haiwi 15 wala 20. Inakuwa 50. Hapa ndipo jirani yako yuko sahihi kuliko anavyojua mwenyewe, na ndiyo sababu nitakusihi mbele kidogo ufikirie kama unahitaji kweli mitambo miwili mipya kule juu.

Mahali pasipo safi huweza kuwa ndani ya mtambo wa jirani, pale mawimbi yako yanapoingia kupitia antena yake na kukutana na ya kwake. Kuna kifaa cha kuzuia hilo, aisoleta, kinachoruhusu nguvu kutoka lakini hakiruhusu ya mgeni kurudi ndani. Lakini pia huweza kuwa mnara wenyewe. Chuma kilichoshika kutu dhidi ya chuma kingine hufanya kazi kama diodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hapo mawimbi huchanganyika. Nililala siku tatu kwenye kilima kimoja cha Njombe nikitafuta mtambo uliokuwa unaharibu wenzake. Tulizima kimoja kimoja, tukabadilisha nyaya, tukashukiana. Asubuhi ya siku ya nne iliteremka mvua na tatizo likapotea lenyewe, kisha jua likatoka nalo likarudi. Ilikuwa kibano cha waya wa kuvutia mnara, kimeoza kwa kutu, kikavu kinachanganya mawimbi, kikilowa kinatulia. Kwenye ukungu na unyevu wa Mufindi, vibano, boliti na vipande vya waya vilivyoachwa vikining'inia vikaguliwe kabla hata ya kufikiria masafa. Ni kazi rahisi kuliko zote nilizotaja, na watu huiruka.

Mnahitaji chaneli mbili kweli? Mnahitaji nafasi zaidi ya kuongea, na hilo halina budi. Lakini nafasi ya kuongea si lazima iwe mtambo mpya kilimani.

Kuna mazungumzo mengi hapo kwenu ambayo hayakustahili kupanda mlima hata kidogo. Mwenye kipakia magogo na karani wa uwanja wa kiwanda wako mita 300 kutoka kwa mwenzake. Hao wapewe masafa ya redio kwa redio, bila ripita, kwa wati 1 au 2. Nguvu hiyo itakufa kabla haijafika bonde la pili, na masafa hayohayo yanaweza kupewa mtu mwingine Makambako bila ninyi kujuana. Nimeona mahali ambapo hatua hii moja ilipunguza msongamano wa asubuhi kiasi kwamba mpango wa chaneli ya pili uliahirishwa.

Kwa yanayobaki, fikiria ripita moja mpya ya kidijitali badala ya mbili za kawaida. Mfumo wa DMR, aina mojawapo ya redio za kidijitali, hugawa chaneli ya kilohezi 12.5 kwa zamu za milisekunde 30, hii yako, hii yangu, kwa hiyo mazungumzo mawili hupita kwenye masafa yaleyale bila kusikizana. Magari wakae zamu ya kwanza, ofisi na wapimaji zamu ya pili. Kilimani panakuwa na mitambo minne, si mitano, na michanganyiko inakuwa 24 badala ya 50. Tofauti hiyo ndiyo itakayompa mpangaji wa masafa nafasi ya kuwapata ninyi mahali pa kukaa.

Sitakuficha upande wa pili. Redio za kidijitali ni ghali kuliko mlizonazo, na mtalazimika kubadilisha za madereva, wapimaji na ofisi zote. Tena zina tabia moja mbaya pembezoni: redio ya zamani mawimbi yakipungua huanza kuvuma, na mtu mwenye sikio zuri bado anaokota neno "moto" na jina la bonde katikati ya mvumo. Ya kidijitali husema vizuri, vizuri, kisha hukatika ghafla. Kwa sababu hiyo ningewaachia walinzi wa moto chaneli yenu ya sasa, ileile waliyoizoea, peke yao, na kuwahamisha wengine wote. Kiangazi miti ikikauka, mlinzi aliye kwenye korongo asianze kujifunza kitufe kipya. Usiweke chaneli ya moto kwenye redio zinazotegemea laini ya simu. Kwa madereva walio barabara kuu kuelekea Makambako au Iringa hizo zinaweza kutosha, pale mtandao ulipo, na ni mtambo mwingine usiohitaji kupanda kilimani. Kwa moto hapana.

Ipo njia ya tatu, ya kuweka ripita mpya kwenye mgongo wa kilima kingine kifupi kinachotazama upande wenu tu. Kwa masafa ni safi kuliko zote: jirani anapumua, na Kilombero hawawasikii. Lakini utahitaji paneli za sola nyingine, betri, uzio na mlinzi, na umeme wa kilimani unaibwa. Piga hesabu hiyo kwa uaminifu kabla ya kuipenda.

Masafa yenyewe hayachaguliwi na wewe, wala fundi, wala mimi. Kwa Tanzania mgawaji ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na ofisi yake ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Kutumia masafa bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, hata kama hayupo anayelalamika. Kuhamia dijitali nako ni kubadilisha aina ya mawimbi, kwa hiyo lazima kuandikwe kwenye leseni. Kinachokusaidia ni kupeleka maombi yenye taarifa kamili: nukta za mnara zilizopimwa (latitudo na longitudo), mwinuko wa kilima, kimo cha antena juu ya ardhi, nguvu, aina ya antena na mwelekeo wake, eneo unalotaka lisikike, na orodha ya masafa ya kurusha na kupokea ya kila mtu aliye kwenye mnara huo. Hii ya mwisho watu huiacha. Kaa na majirani zako wawili, waombe namba zao, wape zako. Rafiki zangu walio Tunduma au Kasumulu wana kazi zaidi, kwa kuwa mawimbi ya huko yanavuka hadi Zambia na Malawi na nchi lazima zielewane. Ninyi wa Mafinga mmepona hilo.

Usiombe wati nyingi ukidhani utajihami. Kushusha mtambo hadi nusu ya nguvu kunapunguza desibeli 3 tu, kiasi ambacho mlinzi wenu kwa kawaida hatakitambua. Lakini mkikubaliana wote kwenye mnara kushusha hizo 3, michanganyiko ile inashuka kwa 9, yaani inabaki karibu moja ya nane. Hakuna filta ya bei hiyo. Hakikisha pia redio zenu za zamani hazijaachwa kwenye upana wa kilohezi 25 kama leseni inasema 12.5. Zitakuwa zinamwagikia kwa jirani wa pembeni kila siku.

Masafa yakishapatikana na vifaa kufungwa, msiondoke kilimani siku hiyohiyo. Jirani amtume mtu wake hadi mwisho kabisa wa eneo lake, pale anaposikika kwa shida. Aongee huku ninyi mkirusha, kisha mkiwa mmezima. Kama kuna tofauti, filta au antena bado. Halafu rudieni mkirusha watu wawili kwa pamoja, kisha watatu, maana michanganyiko haizaliwi na mtu mmoja. Rudieni tena siku ya mvua na siku kavu. Andikeni matokeo, kila mmoja abaki na nakala. Ikionekana kuna anayeumia, wewe uliyekuja mwisho ndiye wa kuzima na kugharimia marekebisho, hata kama kifaa kibovu kinaonekana kuwa cha mwenzako. Kisha mzungumze naye juu ya kifaa hicho. Nimeona ushirikiano wa miaka ukijengwa kwa namna hiyo.

Kuna kazi ambazo jibu la maandishi haliziwezi. Hesabu ya michanganyiko unaweza kuifanya kwa daftari, lakini kujua kilichopo hewani kilimani kunahitaji mhandisi aliyepanda na spektramu analaiza, kifaa kinachoonyesha mawimbi yote yaliyopo hewani, akapima kwa saa nyingi, pamoja na alfajiri na usiku. Kurekebisha filta bila kipimo ni kubahatisha na huweza kuchoma mtambo. Kupanda mnara ni kwa waliofunzwa, wenye mkanda, na mitambo ya watu wote ikiwa imezimwa, siyo ya kwenu tu. Wingu la radi likionekana upande wowote, watu washuke.

Na ikitokea, sasa hivi au baadaye, mkasikia kwenye redio zenu mazungumzo ya rubani au ya gari la wagonjwa, au mtu wa huduma kama hizo akasema anawasikia ninyi, msitafute kwanza kosa ni la nani. Zimeni ripita, andikeni saa na mlichosikia, kisha pigeni simu ofisi ya kanda Mbeya siku hiyohiyo. Wana vifaa vya kufuatilia mawimbi hadi yanapotoka. Kwa siku hizo walinzi wa moto warudi kwenye redio kwa redio, kilima hadi kilima, kwa masafa mliyo na leseni nayo.